Upande wa Mashoto

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Fundi alibandua kipande cha mwisho cha plastiki kwenye mkia wa ndege, akarudi nyuma hatua mbili juu ya jukwaa ili aifaidi kazi yake. Akakaa palepale kwenye ubao, ile plastiki ikiwa bado imemnata mkononi.

"Umechoka au umeshiba?" Kimya akauliza kutoka chini. Kimya alikuwa msaidizi wake, mtu mzima mwenye wajukuu watatu, na jina hilo alipewa na karakana nzima kwa sababu tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumkuta amenyamaza.

"Hebu tazama hapa juu. Unaona nini?"

Kimya akainua kidevu. "Naona ngazi. Nyeusi na nyekundu. Zimetulia, hongera."

"Zinapanda kwenda wapi?"

"Juu. Ulitaka ziende wapi?"

"Upande gani, we mtu!"

"Kushoto," akasema Kimya, kisha akasita. "Kwani za upande ule wa pili si zinapanda kulia?"

"Za upande ule ni za Mama," akasema Fundi. "Hizi ni za Mama Mdogo. Nimekwisha."

Tusimwache msomaji amekodoa macho kama Kimya. Kampuni hiyo ilikuwa na ndege kumi, na kwenye kila mkia alichorwa mbayuwayu wa buluu, alama ya kampuni, miaka nenda miaka rudi. Mwaka huo wakubwa waliamua mbayuwayu apumzike. Kila mkia ungebeba kazi ya mikono ya watu wa mkoa mmoja, ili abiria aliyepanga foleni akumbuke kwamba nchi ni kubwa na ina wenyewe. Mkia wa kwanza ulipata shanga, wa pili ukapata nakshi za milango, mwingine michoro ya vyungu, na wa saba ukapata kikapu. Kikapu chenyewe kilikuwa cha mama yake Fundi.

Wenye midomo yao walisema Fundi kampigia mama yake debe. Uongo mtupu. Waamuzi walichagua kwenye rundo la vikapu arobaini visivyo na majina, na Fundi alipata habari kama watu wengine, kwenye ubao wa matangazo, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Aliungua ulimi siku hiyo, na hakujali.

Mama alisuka vikapu tangu utotoni. Alijulikana kwa ngazi zake: miraba myeusi na myekundu iliyoanzia kwenye kitako cha kikapu na kupanda hatua kwa hatua hadi mdomoni, ikielekea kulia. Na Mama alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, ambaye kijiji kizima kilimwita Mashoto kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto: kufagia, kushona, hata kukuzaba kofi. Mashoto naye alisuka ngazi zilezile, kwa rangi zilezile, ila zake zilipanda kushoto, kwa kuwa mkono unaoongoza ukindu ndio unaoamua ngazi ziegemee wapi. Kwa mtu wa kawaida vikapu hivyo ni ndugu. Kwa wasukaji, ni kama sahihi mbili za watu wawili.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye maonyesho ya kazi za mikono, bwana mmoja mwenye beji kifuani alisimama mbele ya meza ya dada hao wawili, akauliza kipi ndicho cha asili na kipi kimeigwa. Swali la kipuuzi, na jibu lake lilikuwa kwamba bwana huyo aende zake. Lakini Mama alishika cha kwake, akasema, "Hiki ndicho. Hicho kingine kimesukwa kinyume." Mashoto alichukua kikapu chake, akakifuta vumbi kwa kiganja, akaondoka. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Mama alihamia mjini kwa binti yake, Mashoto akabaki kijijini, na katikati yao akabaki binti huyo, Fundi, aliyelelewa na wote wawili, akimpigia Mama Mdogo simu kwa kujibanza nyuma ya mapipa ya rangi utadhani ana mchumba wa siri.

Mama alikuwa na miaka sabini na miwili. Mashoto alikuwa na sitini na tisa. Fundi hakupenda kuifikiria hesabu hiyo, lakini yenyewe ilimfikiria yeye kila siku.

Kikapu kiliposhinda, Mama alikitoa kwa sharti moja. "Mkono wa yule usiikaribie kazi yangu," alisema. "Hata mraba mmoja. Niapie." Fundi akaapa, kiganja kifuani. Kilikuwa kiapo rahisi kabisa. Nani angeuleta mkono wa Mashoto kwenye karakana ya ndege?

Aliuleta yeye mwenyewe. Kwa miaka tisa Fundi alikuwa akipaka mbayuwayu. Plastiki ya kunata inakatwa mchoro, inabandikwa, inapuliziwa rangi, inabanduliwa. Na mbayuwayu lazima atazame mbele, pande zote mbili za mkia. Ukibandika upande wa pili bila kugeuza, ataruka akirudi nyuma, na abiria wakiona hivyo watadai kushuka. Kwa hiyo plastiki ya upande wa pili hukatwa ikiwa imegeuzwa. Fundi wa mikia hafikirii jambo hilo, kama wewe usivyofikiria namna ya kufunga kifungo cha shati. Jumatatu, mkata plastiki alipouliza habari ya upande wa kushoto, Fundi alimjibu neno moja alilokwisha kulisema mara elfu: "Geuza." Lakini ngazi za kikapu hazina mdomo wala mabawa. Hazikuwa na haja ya kugeuzwa. Na kazi yenyewe hufanywa pua ikikaribia kugusa bati, huku mchoro wote umefunikwa, kwa hiyo hujui ulichofanya mpaka umemaliza.

Mkuu wa karakana aliitwa. Akaja na miwani yake juu ya paji la uso, akautazama mkia, akaridhika.

"Mbona safi?"

"Upande huu umegeuka, Mkuu. Tuupake upya."

"Kukwangua, rangi ya msingi, rangi yenyewe, kukauka. Siku nne. Ndege inaruka kesho na wageni kwenda mkoani kwenu. Nani atajua?"

"Watu wawili tu duniani."

"Wako wapi?"

"Mmoja ndiye mgeni wa heshima wa kesho."

Mkuu akashusha miwani ili amwone vizuri. "Mama yako?"

"Mama yangu."

"Basi mkalishe upande wa kulia," akasema Mkuu, akaenda zake haraka, maana yeye pia alikuwa na mama.

Ikawa ndiyo mipango. Fundi alimbembeleza dada wa mawasiliano, yule anayeshughulika na wageni na magazeti, mpaka viti vyote vikahamishiwa upande wa kulia, eti huko mwanga ni mzuri. Akamfuata dereva wa trekta ya kuvutia ndege, akamuuliza kama kuna njia yoyote ya kuwapandisha wageni kwa mlango wa kulia.

Dereva alicheka mpaka akazima injini. "Abiria hupandia kushoto, Fundi. Kulia ni kwa mizigo. Au mama yako unataka kumpakia na masanduku?"

Kimya ndiye aliyekuja na wazo la mwavuli. Sherehe ikiisha, Fundi amwongoze Mama kwa mbele, kupitia puani mwa ndege, mpaka kwenye ngazi za kupandia, huku amemfungulia mwavuli mkubwa upande wa mkiani. Akiuliza, ni jua. "Na wakishafika angani," akasema Kimya, "mwambie ukweli. Huko hana pa kutokea."

Fundi alitaka kumwambia hata kabla. Alasiri ile alirudi nyumbani na maneno ameyapanga tayari mdomoni. Alimkuta Mama sebuleni, amevaa gauni la kesho na viatu vya kesho, anatembea kutoka kochi hadi mlango na kurudi ili avizoeze miguu. Juu ya meza kulikuwa na sahani mpya aliyoinunua Fundi jana yake. Mama alikwisha kuipindua. Kila kilichoingia nyumba ile Mama alikigeuza kwanza: sahani, kiti, hata zulia. Ndivyo wasukaji walivyo, kwani mbele ya kikapu mtu yeyote anaweza kupatia. Aliyelipua kazi utamjua kwa nyuma.

"Mama, kuna jambo."

"Ngoja. Unadhani nitikise mkono hivi, au hivi?" Mama akapunga kwa vidole, kisha kwa kiganja kizima. Alikuwa anacheka peke yake. Fundi hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona hivyo. Pengine ilikuwa kabla ya yule bwana wa beji.

"Hivyo vya pili," akasema. Maneno yote aliyoyapanga akayameza na chai.

Jumamosi ndege ilikuwa inang'aa, karakana imefagiliwa hadi kwenye nyufa, na Mama amekaa mstari wa mbele, kikapu chake mapajani. Hotuba zilikuwa ndefu kama kawaida ya hotuba. Kitambaa kilipoanguka na mkia wa kulia ukaonekana, ngazi nyeusi na nyekundu zikipanda juu kuliko paa la nyumba ya kawaida, Mama alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Watu wakapiga makofi. Fundi naye alipiga makofi, na kwa dakika nzima alisahau shida yake, maana kazi ilikuwa nzuri kweli, na mama yake alikuwa analia kwa furaha mbele ya watu.

Kisha Mama akainuka. Fundi alidhani anakwenda kushika mikono ya wakubwa. Mama aliwapita wakubwa wote kama wamepandwa pale, akaelekea mkiani.

"Mama, huko sakafu ina mafuta!" Kimya akamkimbilia.

"Nimekaanga kwa mafuta miaka sitini, yataniangusha leo?"

"Mama, huko hakuna kitu! Ni kulekule tu, ni nyuma!"

Kati ya maneno yote duniani, Kimya alichagua hilo. Mama akaongeza mwendo. "Basi nyuma ndiko nitazame," akasema, akainama chini ya mkia na kutokea upande wa pili. Fundi alimfuata mbio, mwavuli kwapani, asijue hata ataufanyia nini.

Alimkuta Mama amesimama wima, shingo ameinyoosha. Hakuwa analia tena. Hakuwa anafanya chochote.

"Nani kapaka huku?"

"Mimi, Mama. Nisamehe. Ni kosa langu, tumezoea mbayuwayu, yule mbayuwayu lazima..."

"Nyamaza kwanza."

Mama aliinua mkono wa kulia, vidole amevibana kama ameshika ukindu, akaanza kuzifuata zile ngazi hewani. Mkono ukagoma. Akaushusha. Akainua wa kushoto, akaanza tena, taratibu, kama mtu anayekumbuka njia ya nyumba aliyowahi kuishi. Ukakubali mpaka juu.

"Yeye alikaa hapo," akasema, akionyesha sakafu mbele yake. "Mimi hapa. Magoti yamegusana. Yeye ana miaka tisa, mimi kumi na miwili. Mvua imetufungia ndani, hakuna cha kufanya. Akawa anauchezeachezea ukindu, mara naona ngazi zinapanda. Hakufundishwa na mtu. Nikamwambia, nionyeshe. Nikawa nafuata mkono wake. Yeye akipeleka huku, na mimi nikiwa nimemkabili napeleka huku."

Fundi alielewa polepole, na alipoelewa alishika bawa dogo la mkiani. "Kwa hiyo aliyeanza ni..."

"Mkubwa afundishwe na mdogo? Niliona aibu. Watu walipozisifia nikasema zangu, naye akaninyamazia kwa sababu mimi ni dada yake. Nikasema tena, na tena, hadi nikakaribia kuamini. Lakini siku ya yule bwana nilijua ninachosema, mwanangu. Nilijua kabisa." Mama alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Zilizosukwa kinyume ni zangu."

Wakati huo wageni walikuwa wamekwisha kuzunguka nao, maana watu wakiona mgeni wa heshima anakimbia hawabaki kwenye viti. Dada wa mawasiliano alifika na kipaza sauti na tabasamu lake la kazi.

"Mama, waambie wageni wetu, unajisikiaje?"

"Vibaya," akasema Mama, na neno likasikika karakana nzima. "Na vizuri pia. Nipe hicho kitu." Akakishika kwa mikono miwili. "Kule mlimpigia makofi mtu ambaye si mwenyewe. Mwenyewe ni wa upande huu. Ni mdogo wangu, anaitwa Mashoto, na ndiye aliyenifundisha mimi. Nimelificha hilo miaka sitini. Sasa mkitaka kupiga makofi, pigeni huku."

Walipiga. Mkuu wa karakana alipiga kuliko wote, kwa kuwa alikuwa ameokoka siku nne za kukwangua. Fundi alisimama na mwavuli wake ameukumbatia, na moyo wake ulikuwa mwepesi na mzito kwa pamoja, kwa sababu wa kusikia maneno yale hakuwapo.

"Mpigie," Mama akamwambia, amekwisha kurudisha kipaza sauti. "Usijifanye huna namba. Kila mwezi unanuka rangi na machozi, unadhani sijui?"

Fundi akatoa simu. Jina la Mama Mdogo alikuwa amelihifadhi kama "Rangi ya Akiba." Mama akalisoma, akamtazama binti yake, akaliacha lipite. Simu iliita mara nane.

"Mama Mdogo, shikamoo. Ndege ya mkia ule inakuja huko kwenu sasa hivi. Safari ya kwanza. Mama yumo. Anasema..." Fundi akamtazama Mama. Mama akatikisa kichwa. "Anasema uje uwanjani."

Kwenye simu Fundi alisikia maji yanamwagwa kutoka kwenye beseni.

"Nimefua," akasema Mashoto. "Nguo zangu ziko kwenye kamba." Na simu ikakatika.

Safari ilikuwa ya dakika hamsini. Mama alikataa kikapu chake kiwekwe juu na mabegi, akakikumbatia. Mawingu hakuyatazama, juisi hakuigusa.

"Jua la huko saa hizi ni kali?" akauliza.

"Sijui, Mama."

"Nguo hukauka kwa muda gani?"

"Inategemea nguo."

Baada ya dakika tano akauliza tena. Mara ya tatu abiria wa kiti cha mbele aligeuka na kusema nzito huchukua nusu siku, nyepesi saa mbili, na Mama akamshukuru kwa dhati.

Uwanja wa huko ulikuwa mdogo: barabara moja ya kurukia, jengo moja, na uzio ambao watu walijaa nyuma yake wakishangilia. Mama alisimama kwenye ngazi ya juu kabisa akiwapekua kwa macho mmojammoja. Alirudia mara ya pili. Fundi aliona mabega yake yakishuka.

"Twende, Mama. Watu wanangoja kushuka."

"Hajaja."

"Labda..."

"Nami ningekuwa yeye, nisingekuja."

Ndipo Fundi alipomwona. Hakuwa kwenye uzio. Alikwisha kuupita, na askari wa uwanja alikuwa anamfuata nyuma bila ujasiri wa kumshika. Mwanamke mfupi, amevaa gauni la kijani ambalo pindo na mikono yake vilikuwa na rangi nzito zaidi kuliko kwingine, kwa sababu halikuwa limekauka. Hakutazama ngazi za ndege wala watu waliosimama juu yake. Alikwenda moja kwa moja mkiani.

Mama alishuka akijishika kwenye mkono wa binti yake, akasimama chini, mbali kidogo. Mashoto alisimama mbele ya mkia muda mrefu. Akainua mkono wa kushoto, akazifuata ngazi hewani, hatua kwa hatua hadi juu, bila kusita hata mara moja. Halafu akainama, akapita chini ya mkia, wakamkosa.

"Kaenda kugeuza," Mama akanong'ona. Vidole vyake vilikuwa vimeuminya mkono wa Fundi hadi unauma.

Wakangoja.

"Dada!" Sauti ilitoka upande wa pili.

"Abee!" Mama akaitika.

"Huku kumesukwa kinyume!"

Fundi alifumba macho. Miaka kumi na mmoja ilikuwa ndani ya neno hilo, na lilikuwa limerudi kwa aliyelitoa, mbele ya uwanja mzima.

"Najua!" Mama akapaza sauti, na sauti ikampasuka katikati. "Najua, mdogo wangu! Tangu siku ile ya mvua najua!"

Upande wa pili kikaanza kitu ambacho Fundi alikidhania kikohozi. Hakikuwa kikohozi. Kilikuwa kicheko cha Mashoto, kile cha zamani, kinachoanzia tumboni na kuchelewa kufika.

"Na hawa wabeba mabegi wananiambia upande wako ndio wa mizigo!"

"Ndiyo!"

"Basi wamekuweka panapokufaa!"

Mama alimwachia Fundi mkono. Alitembea kufuata upande wa kushoto wa mkia, na Mashoto, inaonekana, alitembea kufuata upande wa kulia, kwa sababu walikutana nyuma kabisa, palepale ambapo ndege inaishia. Walishikana. Walikaa hivyo mpaka askari wa uwanja akaona afadhali atazame pengine.

"Umelowa," Mama akasema hatimaye.

"Miaka kumi na mmoja unangoja, halafu unachagua siku niliyofua."

Dada wa mawasiliano alitaka picha, bila shaka. Dada wawili, wasukaji, na mkia wao. Taabu ikawa wasimame wapi. Mama hakutaka tena kusimama upande wake, akasema anaonekana mwizi. Mashoto hakutaka kusimama upande wake bila dada yake, akasema ataonekana anaringa. Mama alikataa kusimama upande wa Mashoto, kwa kuwa hakualikwa, Mashoto akamwalika, Mama akasema mwaliko wa kulazimishwa hautaki. Walikuwa wanafurahia ugomvi huo kama watu waliopewa chakula baada ya njaa ndefu. Mwishowe wakapigwa picha hapohapo nyuma, walipokutana.

Sasa mkia wa ndege ukiutazama kwa nyuma ni mwembamba kama kisu. Huoni ngazi hata moja, ya kulia wala ya kushoto. Magazeti yaliikataa picha hiyo, na kampuni ikatumia nyingine. Fundi aliiomba, akaibandika karakanani nyuma ya mapipa ya rangi, pale alipokuwa akijibanza na simu.

Ndege ya saba haikukwanguliwa. Wakubwa walipoamua mkia wa kumi urudishiwe mbayuwayu, mkata plastiki aliuliza ageuze au asigeuze, na Fundi alikaa chini, akafikiri kwanza. Wageni wa karakana wakiiona ile picha huuliza huo mchoro maarufu uko wapi, mbona hawauoni. Kimya huwaonyesha kwa kidole wale wanawake wawili, mmoja amelowa gauni na mwingine amelowa uso, na hapo, kwa mara chache maishani mwake, haongezi neno.